Santuri Namba Thelathini na Saba

Sajenti Priska Temba alipewa mpaka saa tisa alasiri. Wakati anapewa ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, ukungu wa Julai bado umeukalia mji wa Moshi, na mlima hauonekani hata kwa mtu anayejua ulipo.

"Shauri jepesi hili," alisema Inspekta Mathew, mkuu wake wa upelelezi, akimsukumia jalada mezani. "Mfanyakazi wa ndani kaiba santuri ya mambo."

"Mambo gani, afande?"

"Mambo! Muziki wa Wakuba. Kabla ya cha-cha-cha kulikuwa na mambo. Wewe ulikuwa hujazaliwa." Mathew naye alikuwa hajazaliwa, lakini cheo humwongezea mtu miaka. "Mlalamikaji ni Mzee Mikidadi Hafidhi wa Majengo, karani mstaafu wa reli. Mshukiwa amekiri kuitoa santuri sandukuni kwa mkono wake. Hataki kusema kaipeleka wapi. Saa tisa nafunga jalada, anakwenda mahakamani, na kwa kuwa leo Ijumaa, atakaa rumande mpaka wiki ijayo. Ukiipata santuri kabla ya hapo, vizuri, tutakuwa na kielelezo."

Priska hakulipenda lile neno "jepesi". Katika miaka tisa ya kazi alikuwa ameona kwamba mashauri mepesi ndiyo yanayofunga watu wasiohusika, maana hakuna anayejisumbua kuyainua ayatazame chini.

Alianza na mshukiwa. Dominika alikuwa peke yake kwenye benchi la mahabusu ya wanawake, kanga mbili na sweta la kijani, mgongo umenyooka kama yuko kanisani. Miaka hamsini na mbili, mwenyeji wa Uru, na kumi na tisa kati ya hiyo aliipitisha akipika na kufagia kwa Mzee Mikidadi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe wa wapi?"

"Kirua Vunjo."

Dominika akamtazama kwa kituo, akaitikia kwa kichwa. Ilielekea Kirua si kubaya sana.

"Mama, santuri iko wapi?"

"Muulize Mzee."

"Mzee ndiye aliyekushitaki."

"Basi muulize vizuri."

"Imeandikwa hapa kwamba uliitoa wewe."

"Niliitoa. Kwa mkono huu. Kuitoa niliitoa, kuiba sikuiba."

"Ulimpa nani?"

Dominika alitazama mlango. Nje askari mmoja alikuwa anafagia, na ufagio wake ulisikika mpaka mwisho wa kibaraza na kurudi.

"Mama Dominika, saa tisa watakupeleka mahakamani. Ukiniambia sasa, naweza kukusaidia. Kama unamficha mtoto wako, au ndugu yako, niambie tu."

"Mtoto wangu ni sista, yuko Tabora, hana habari na mambo haya." Alikunja ncha ya kanga, akaikunjua. "Nikifungua mdomo wangu hapa kituoni kuna mtu ataumia, na si mimi. Kwa hiyo sifungui."

Priska akafunga daftari. Alipofika mlangoni Dominika alimwita.

"Huko Majengo unakokwenda, sikiliza watu wanasemaje. Jana Mzee alisimama barabarani akaniita mwizi, mtaa mzima ukatoka nje. Nimekaa pale miaka kumi na tisa, sijaazima hata chumvi nisirudishe. Wakinifunga, nitatoka. Lakini jina hilo nikirudi nalo Uru, mama yangu atalisikia kanisani." Sauti yake haikutetemeka, ila alilisema polepole kila neno, na Priska alimwonea huruma waziwazi, jambo ambalo halimo katika mwongozo wa upelelezi.

*

Mzee Mikidadi alimpokea Sajenti barazani akiwa na kanzu na kofia, tayari kwa swala ya Ijumaa muda mrefu kabla ya wakati wake. Alikuwa mwembamba, mrefu, na alizungumza kama tangazo la stesheni.

"Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Karibu ndani. Usiguse kitu."

Chumba kizima kilikuwa cha santuri. Masanduku tisa ya mbao, yale ya chai, yamepangwa ukutani, na ndani yake santuri zimesimama wima kama wanafunzi kwenye mstari. Juu ya meza palikuwa na gramafoni ya umeme iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Mzee alieleza bila kuulizwa. Mambo za miaka ya hamsini, alizonunua Tanga kwa mabaharia alipokuwa karani kijana. Cha-cha-cha na bolero, kutoka duka la Mhindi mmoja lililokufa na Azimio la Arusha. Pachanga, ambayo hakuna Moshi nzima anayeijua ila yeye. Na salsa, za New York, alizoletewa na mpwa wake anayefanya kazi melini, majalada bado yananukia duka. Jumla mia nne na kumi na mbili.

"Na moja imeondoka," alisema. "Namba thelathini na saba. Mambo, ya inchi kumi, jalada lina mwanamke wa gauni la njano. Jana baada ya magharibi nataka kuipiga, nafasi tupu! Nikamwita Dominika. Nikamuuliza, iko wapi? Unajua alinijibu nini? 'Mzee, si ulipokea mwenyewe?' Nipokee nini mimi? Nimeibiwa, naambiwa nimepokea! Ndipo nikatoka barabarani kuita watu."

Priska aliliandika jibu lile kama lilivyo, akalipigia mstari.

"Nani mwingine huingia humu?"

"Hakuna. Ila wiki tatu nyuma alikuja Fredy, yule kijana wa duka la kanda karibu na stendi, na Mzungu wake mmoja. Anazunguka nchi nzima anatafuta santuri za zamani. Nikawafukuza. Naamini wamemtumia huyu mwanamke."

"Mzee, nisaidie. Kama wewe ndiye mwizi, na una nafasi ya kuchukua moja tu, ungechukua ipi?"

Swali lilimpendeza, ingawa alijaribu kulionea hasira. Akainamia sanduku la tatu, akachomoa kwa ncha za vidole, akionesha bila kutoa mkononi. "Hii. Au hii. Au ile pachanga."

"Na thelathini na saba?"

"Ile?" Akasita. "Ile ina mkwaruzo upande wa pili. Sindano inaruka."

"Kwa hiyo mwizi kaacha dhahabu, kachukua yenye mkwaruzo."

"Mwizi hana elimu."

"Dominika ameyapangusa masanduku haya miaka kumi na tisa, mzee. Ana elimu kuliko mimi."

Mzee alirudisha santuri sandukuni. Priska akatembeza macho. Kati ya makundi ya santuri palikuwa na vigawanyio vya maboksi ya viatu, kila kimoja kimeandikwa kwa wino mwekundu: MAMBO, CHA-CHA, BOLERO. Lakini katika sanduku la tisa, mahali salsa zinapoanzia, hapakuwa na boksi. Palikuwa na jani. Refu, jembamba, limeanza kukauka kingo lakini bado kijani, na juu yake limefungwa fundo.

Mkono wa Priska ulikwenda, ukarudi wenyewe. Kwao Kirua, jani kama lile halishikwi hovyo.

"Hili jani kaliweka nani hapa?"

"Mimi. Kigawanyio changu kilichanika. Dominika alirudi Uru Jumapili jioni, kila Jumapili huenda misa na kumwona mama yake, na harudi mikono mitupu. Mara ndizi, mara maziwa, mara majani ya kufungia samaki. Safari hii akaniletea hilo. Akanipa kwa mikono miwili, 'Mzee, hili limetoka Uru.' Nikamwambia ahsante. Nikaona lina fundo, nikasema, ala, hili linaonekana hata kwa mbali, litanifaa."

"Ulilishika wewe mwenyewe? Kwa mkono?"

"Nililishika kwa nini? Kwa meno?"

"Na baada ya kulishika, yeye alifanyaje?"

Mzee alifikiri. "Alifurahi sana. Alipika pilau, na haikuwa siku ya pilau."

Priska akanyanyuka. Ukutani, juu ya gramafoni, aliona pembenne nyeupe mahali picha ilipokuwa imetundikwa muda mrefu kabla ya kutolewa.

"Mzee, una ugomvi na mtu yeyote wa Uru?"

"Uru? Mimi Uru simjui mtu." Alisema upesi mno, na akageuka kulifunika sanduku ambalo halikuhitaji kufunikwa. "Mwizi mnaye ndani. Huko Uru mnatafuta nini?"

*

Fredy alikuwa na duka la ukubwa wa kabati, lenye mashine mbili za kunakili kanda na spika moja iliyotosha stendi nzima. Tangu milango ya biashara ifunguliwe kila mtu mjini alikuwa na redio ya kanda, na Fredy ndiye aliyezilisha.

"Aisee afande, mimi sijaiba kitu kwa yule mzee," alisema kabla ya salamu. "Alitufukuza na fagio. Mzungu alicheka mpaka barabarani."

"Mzungu wako anatafuta nini hasa?"

"Bendi za hapa kwetu. Dar, Morogoro, Tabora, zile santuri ndogo. Za Wakuba hataki hata bure, kwao wanazo tele. Na isitoshe kaondoka tangu wiki iliyopita, yuko Zanzibar." Akatoa barua ya hoteli, tarehe na muhuri vikiwa bayana.

Priska akaisoma mara mbili, akamrudishia. Njia ile ilikuwa imekufa. Mtu wa kuuza hakuwepo, na santuri yenyewe haikuwa ya kuuza. Basi aliichukua mtu wa kuisikiliza. Na mtu wa kusikiliza anahitaji nini?

"Fredy, santuri inachezwa kwa nini?"

"Swali gani hilo, afande? Kwa gramafoni."

"Na gramafoni ikikaa muda mrefu bila kupigwa, kinachokufa kwanza ni nini?"

"Sindano," alisema Fredy, halafu akazima spika. "Dah! Juzi, Jumatano, alikuja mzee mmoja kuulizia sindano. Nilishangaa, maana wateja wa sindano Moshi nzima hawafiki watatu. Nilimpatia moja kwenye mashine mbovu."

"Mzee gani?"

"Wenseslaus, wa Uru. Zamani alikuwa dereva wa lori la chama cha ushirika. Ninyi hamumjui? Yeye na Mzee Mikidadi walikuwa pete na kidole. Kila Alhamisi yuko Majengo, wanapiga santuri, marufuku kuongea mpaka wimbo uishe. Wakaja kugombana miaka miwili iliyopita."

"Waligombania nini?"

Fredy alianza kucheka. "Salsa. Mzee Mikidadi kaletewa salsa ya kwanza, kamwita mwenzake aisikie. Wenseslaus akasikiliza mpaka mwisho, akasema: hii ni mambo iliyovaa suruali ya bugaluu. Afande, walitukaniana mama! Wazee wazima. Tangu siku hiyo hawajasalimiana."

*

Gari la kituo halikuwa na mafuta, kama kawaida yake. Priska alipata lifti kwenye pikapu ya wanunuzi binafsi wa kahawa, waliokuwa wanapanda na magunia matupu. Saa tano na nusu alikuwa anashuka kwenye njia ya vumbi jekundu katikati ya migomba, akaoneshwa nyumba ya bati yenye kibaraza cha saruji.

Muziki aliusikia kabla hajafika uani. Tarumbeta nyingi kwa pamoja, ngoma zinazokimbizana, kisha ghafla kimya cha pumzi moja, na mtu anaguna, na zote zinarudi. Priska hakuwahi kusikia mambo maishani mwake. Alisimama hadi wimbo ulipoisha, akaona kwamba mguu wake wa kulia umekuwa ukifanya jambo ambalo hakuuagiza.

"Hodi hapa!"

"Karibu!" Mzee mfupi, mnene, alitoka akijifuta mikono. Alipoiona sare uso ulimbadilika. "Yesu na Maria. Kuna nini?"

"Shikamoo, mzee. Mimi ni Sajenti Priska, natoka kituoni Moshi. Nimekuja kwa ajili ya santuri inayopigwa humo ndani."

Wenseslaus hakukana wala hakushtuka kama mwizi. Alishangaa tu. "Santuri ya Mikidadi? Kwani imekuwaje?"

Akamwingiza. Gramafoni ilikuwa juu ya kigoda, imeungwa kwa betri ya gari. Jalada la mwanamke wa gauni la njano lilikuwa limeegemezwa ukutani mahali pa kuonekana kutoka kitandani. Na kitandani alilala mama mmoja, mdogo kama mtoto ndani ya mablanketi, macho yake yamekodolea dari.

"Violet, mke wangu. Kiharusi. Tangu Pasaka haongei, mkono huu na mguu huu havifanyi kazi. Daktari kasema mwombeeni." Aliketi ukingoni mwa kitanda. "Mwaka sitini na moja, ukumbi wa mji, mashindano ya dansi. Mimi na yeye tulishinda kwa santuri hii, na aliyekuwa anaipiga ni Mikidadi. Nilitaka aisikie. Kila nilichomwambia hakijibu, basi nikasema labda hii."

"Na ameisikia?"

"Mtazame vidole vya mguu wake mzuri ikipigwa. Vinahesabu." Mzee alilia kidogo, akajifuta kwa kiganja, akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Priska akavuta kigoda. "Mzee, nieleze mwanzo hadi mwisho. Uliipataje?"

"Kihalali. Mimi na Mikidadi tuligombana, hilo unalijua?"

"Bugaluu."

"Nilikosea. Si kuhusu salsa. Kuhusu mama yake. Basi Jumapili asubuhi nilikata isale hapa mpakani mwa kihamba, hili shamba langu la migomba, nikafunga fundo, baada ya misa nikampa Dominika ampelekee. Jioni hiyo hiyo akampa, Mikidadi akapokea kwa mkono wake. Wewe ni wa wapi?"

"Kirua."

"Basi sina haja ya kukueleza."

Hakuwa na haja kweli. Aliyekosa hutuma jani la isale kwa mkono wa mtu mwaminifu, na anayeletewa ana mawili tu: asilishike, au alishike na ugomvi ufe pale pale, usitajwe tena. La tatu halipo. Na anayelishika kisha akarudi nyuma, kila mzee wa mlimani ana kisa cha yaliyompata yeye na watoto wake. Mjumbe hataji hata jina la aliyetuma. Mwenye ugomvi wake anamjua.

"Ikawa tumepatana," aliendelea Wenseslaus. "Na siku zote tukiwa tumepatana, mimi naingia kwa Mikidadi nachukua santuri, yeye anachukua yangu, hatuulizani. Jumatano nikashuka mjini kununua sindano, nikapita kwake, kumbe yuko msikitini kwa alasiri. Dominika akanitolea. Ningemsubiri, lakini Violet nilikuwa nimemwacha na jirani. Nikasema Jumapili nitakwenda tuamkiane."

"Mzee Wenseslaus," alisema Priska, "Mikidadi hajui isale ni nini."

Mzee alimkodolea macho.

"Alidhani ni jani tu. Amelifanya kigawanyio, kati ya bolero na salsa. Jana hakuiona santuri, akamwita Dominika mwizi mbele ya mtaa. Dominika amelala ndani, na saa tisa anapelekwa mahakamani."

"Haiwezekani! Amekaa Moshi miaka arobaini!"

"Katika miaka hiyo nani alimwambia?"

"Tungemwambia lini?" alisema Wenseslaus. "Hatukuwahi kugombana."

Alimwita jirani aje kukaa na mgonjwa. Alitaka kuitia santuri kwenye jalada lake, lakini Priska alimzuia. "Iache hapa. Ninayekuhitaji ni wewe." Kwa sheria ya vielelezo lilikuwa kosa, na alilijua.

*

Ilikuwa saa nane na dakika arobaini walipofika kituoni. Mzee Mikidadi alikuwa ameshaitwa kutoka msikitini kuweka sahihi ya mwisho, na alikuwa amekaa mbele ya meza ya Inspekta Mathew. Alipomwona Wenseslaus alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Mleteni mama Dominika," alisema Priska.

Alieleza kwa maneno machache, amesimama, kama anayetoa ushahidi: nani alikata jani, nani alilibeba, nani alilishika, na kulishika kunamaanisha nini. Hakuongeza chumvi. Kadiri alivyoendelea Mzee Mikidadi alizidi kuinama, mpaka kofia yake ndiyo iliyokuwa inaonekana.

"Dominika," alisema. "Mbona hukuniambia? Neno moja tu! Jana, barabarani, ungesema, 'Mzee, lile jani...'"

Dominika alikuwa bado hajakaa. "Nilikuuliza. Nilisema, si ulipokea mwenyewe? Ukasema hujapokea kitu. Nikajua umeikana isale. Umeipokea na umeikana."

"Sikujua!"

"Na mimi sikujua kwamba hujui. Basi ningefanyaje? Nikusemee mbele ya askari kwamba umevunja isale, watu wasikie, wathibitishe? Laana ingekupata, Mzee. Una wajukuu wanne. Yule mdogo nimembeba mgongoni. Nikaona heri mimi nifungwe."

Mathew, aliyekuwa na kalamu tayari, aliiweka chini. Priska alifikiri juu ya mwanamke huyu aliyelala juu ya benchi la saruji ili laana isimfikie mtu aliyemlaza hapo, akamvutia kiti.

Wenseslaus ndiye aliyekohoa. "Mikidadi. Violet amepooza, haongei. Santuri yako anaisikiliza."

"Sikuwa na habari anaumwa," alisema Mikidadi, na machozi yalimtoka bila kujificha. "Kaa nayo. Kaa nayo mpaka... kaa nayo tu. Na ile picha yenu ya ukumbini nimeitoa ukutani, nisamehe."

"Mimi nilishakusamehe Jumapili."

Kufuta shauri kulichukua sahihi tatu na manung'uniko kadhaa ya Inspekta Mathew juu ya karatasi za serikali. Dominika akarudishiwa vitu vyake: rozari, ufunguo, na mfuko wa rambo wenye kanga. Mzee Mikidadi aliuchukua ule mfuko kabla yake.

"Twende nyumbani, Dominika."

Dominika hakuondoka. "Nyumbani nilitokaje?"

Mzee akauhamishia mfuko mkono wa pili.

"Nilitoka naitwa mwizi, na mtaa umejaa. Nikirudi kimyakimya watasema Mzee kamhurumia mwizi wake. Siingii mlango wako, Mzee, mpaka kila mlango uliofunguka jana usikie leo."

"Sawa," alisema Mikidadi. Akatangulia mlangoni.

Priska aliwafuata. Alijiambia ni kwa usalama, ingawa hakuna aliyekuwa hatarini. Ukungu ulikuwa umeondoka, Majengo kumewaka jua, na watu wametoka barazani kama ilivyo Ijumaa. Mlango wa kwanza ulikuwa wa fundi cherehani.

"Salama, fundi? Ile habari ya jana," alianza Mikidadi, "palitokea kutoelewana kidogo..."

"Jana hukusema kutoelewana," alisema Dominika nyuma yake.

Mzee akameza mate. "Jana nilimwita Dominika mwizi. Si mwizi. Aliyekosa ni mimi."

Fundi aliitikia kwa kichwa, akaendelea kushona. Mlango wa pili, muuza vitumbua. Aliyasikiliza maneno hayo hayo, akamtazama Mzee toka juu hadi chini, akasema ahaa. Wa tatu, wa nne, wa saba. Mikidadi hakuruka hata mmoja. Kila alipomaliza aligeuka kumtazama Dominika, na Dominika alionesha kwa kidevu mlango unaofuata. Sauti ile ya stesheni ilikuwa imekauka, na mfuko wa rambo ulikuwa unamning'inia mkononi.

Wa mwisho ulikuwa wa Bi Hadija, mjane aliyekaa mkabala na nyumba ya Mzee, mwanamke asiyemung'unya maneno. Alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele. Aliwaacha wafike, akamwacha Mikidadi aseme yote, mpaka mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Sasa nisikilize, Mikidadi. Kwani nani alikuambia tuliamini?" Akaweka ungo kando. "Miaka kumi na tisa namwona mwanamke huyu. Jana mtaa ulitoka kukutazama wewe, mtu mzima, unapiga kelele barabarani bila viatu, tukasema mzee kapatwa na nini. Tumekesha tunaulizana atarudi saa ngapi. Fundi alikuwa anataka kwenda kumwekea dhamana. Hakuna hata mmoja aliyeamini. Hata watoto."

Dominika hakulia alipokamatwa, wala mahabusu, wala mbele ya Inspekta. Hapo alikaa chini kwenye mkeka, kati ya punje za mchele, akalia kwa sauti. Bi Hadija alisogea kumpa nafasi na kumshika bega. Mzee Mikidadi alibaki amesimama juani na mfuko wake mkononi, hana tena mlango wa kubisha.